Tuzo na Mipaka: Jinsi ya Kumfunza Mbwa na Kuongoza Watu Bila Kuvunja Imani

Mbwa anayekuogopa atakaa ukimwamuru akae. Mbwa anayekuamini atakaa pia, na mgeni akiwatazama hawezi kuwatofautisha. Tofauti hujitokeza siku kamba inapokatika karibu na barabara: wa kwanza atakukimbia, wa pili atakukimbilia.

Watu nao ni hivyo hivyo. Mtoto anayeogopa kupigwa huficha daftari lenye alama mbaya. Mfanyakazi anayeogopa kufokewa huficha hitilafu ya mashine mpaka mashine inapokufa kabisa. Mwongozo huu ni wa mwenye mbwa kwanza, kisha wa yeyote aliyekabidhiwa kulea au kusimamia wenzake. Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa: tuzo ndiyo inayofundisha, na mipaka ndiyo inayoipa tuzo maana. Anayetafuta nusu kwa nusu, yaani tuzo moja kwa adhabu moja, ameanza na hesabu mbovu.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua kama kitu ni tuzo

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliandika kuhusu paka wenye njaa aliowafungia ndani ya masanduku. Kila sanduku lilikuwa na kamba au komeo la kufungulia mlango, na chakula kiliwekwa nje. Paka alihangaika, akaligusa komeo kwa bahati, akatoka, akala. Aliporudishwa ndani alitoka upesi zaidi, na mwishowe akawa analiendea komeo moja kwa moja. Thorndike akasema tendo linaloleta raha hushika mizizi na linaloleta karaha hunyauka. Miaka ya 1930 aliirekebisha kauli yake mwenyewe: raha hulijenga tendo kwa nguvu, lakini karaha hailing'oi kwa nguvu hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kumkaripia mbwa mwaka mzima kwa kosa lile lile.

B. F. Skinner, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani aliyekuja baadaye, alisisitiza jambo ambalo wafunzaji wengi hulisahau hadi leo. Tuzo hupimwa kwa matokeo yake. Kama tendo limeongezeka, basi kilichofuata tendo hilo kilikuwa tuzo, hata kama wewe ulikusudia kuadhibu. Chukua mbwa anayewarukia watu. Unamsukuma kwa mikono miwili, unamtazama usoni, unapaza sauti. Kwako hayo ni makaripio. Kwake umemgusa, umemwangalia na umezungumza naye, yaani umempa yote matatu aliyoyarukia. Mwanafunzi anayevuruga somo hupata vicheko vya wenzake na mwalimu aliyesimamisha darasa zima kwa ajili yake. Kwa upande mwingine, kijana mwenye haya akisimamishwa mbele ya umati apigiwe makofi, huenda asithubutu tena kufanya vizuri.

Kabla ya somo la kwanza, basi, orodhesha vitu ambavyo mbwa wako anavipenda na uvipange kuanzia anachokipenda zaidi. Mmoja atataka nyama, mwingine mpira, mwingine ruhusa ya kunusa kichaka. Mbwa wengi hawafurahii kupapaswa utosini wakiwa kazini. Nyoosha mkono uone kama anausogelea au anakwepesha kichwa. Kwa binadamu njia ni fupi zaidi: muulize.

Hatua ya 2: Taja tendo unalolitaka

“Asiruke” si tendo. “Asiwe mkaidi” pia si tendo. Mbwa hawezi kufanya kutoruka. Anaweza kukaa, kusimama kwa miguu yote minne, au kwenda kwenye mkeka wake. Chagua mojawapo, na uchague lile lisiloweza kufanyika sambamba na kosa. Mbwa aliyekaa hawezi kuwa anaruka kwa wakati huo huo.

Kisha kubalianeni nyumbani neno moja kwa tendo moja. Baba akisema “kaa”, mama “keti”, na watoto “tulia hapo”, mbwa amepewa masomo matatu ya jambo moja. Kwa watu, geuza sifa ziwe vitendo vinavyoonekana. “Uwe na heshima” iwe “bisha hodi, usubiri kuitikiwa”. “Jitume zaidi” iwe “taarifa ya wiki ifike Ijumaa kabla ya saa nane”. Mtu aliyeambiwa hivyo anajua amefika au hajafika, na hahitaji kusoma uso wako ili alijue hilo.

Hatua ya 3: Panga mazingira kabla ya kulaumu

Sehemu kubwa ya nidhamu hufanyika hapa, kimya kimya, na ndiyo maana haisifiwi. Viatu viwekwe kabatini. Pipa la taka lifunikwe. Mbwa mchanga ambaye hakuna anayemtazama akae kwenye kizimba chake au nyuma ya kizuizi, akiwa na kitu halali cha kutafuna. Kila mara anapofanikiwa kuiba mkate mezani amefanya zoezi moja la wizi na amejilipa mwenyewe. Huna tuzo ya kushindana na hiyo.

Watoto wa mbwa wana dirisha la pekee, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 ya umri. Katika muda huo huzoea kwa urahisi watu, sauti, sakafu za aina mbalimbali na wanyama wengine, na baada ya hapo mambo mapya huanza kuwatisha zaidi. Mkutanishe na mambo hayo kwa upole, akiwa na nafasi ya kurudi nyuma, na umuulize daktari wa mifugo ni wapi pa kumpeleka kabla chanjo hazijakamilika. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje polepole.

Kwa watu, jiulize kama kosa linalojirudia limepewa mlango wa kupitia. Mtoto anayelala na simu kando ya mto na kuamka na usingizi anahitaji simu ichajiwe sebuleni kuliko anavyohitaji hotuba nyingine.

Hatua ya 4: Tuza papo hapo

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na hapa nataka tukae kidogo.

Mbwa huunganisha tendo na matokeo yaliyokaribiana sana, sekunde moja au pungufu. Amekaa, wewe unapekua mfuko, yeye anasimama, ndipo unampa kipande. Umetuza kusimama. Wafunzaji wa pomboo walikumbana na tatizo hilo hilo: pomboo akiwa hewani huwezi kumrushia samaki katika ncha ya mruko. Wakatumia filimbi. Sauti ililitaja tendo, samaki akafuata baadaye. Keller na Marian Breland, waliosoma kwa Skinner, walitumia mbinu ya namna hiyo kuwafunza wanyama wa aina nyingi kuanzia miaka ya 1940. Karen Pryor, aliyefunza pomboo huko Hawaii miaka ya 1960, alisaidia sana kuifikisha kwa wenye mbwa, na miaka ya 1990 klika, kile kidude kidogo kinacholia “tik” ukikibonyeza, kikaenea.

Huhitaji klika. Neno moja fupi, kwa mfano “ndiyo!”, linatosha mradi usilitumie ovyo. Lipe neno hilo thamani kwanza: liseme, kisha mpe kipande cha chakula, mara kumi hivi, bila kumtaka afanye lolote. Akianza kukugeukia kwa matumaini kila alisikiapo, neno limeshika.

Sasa mfundishe kukaa. Shika kipande cha chakula karibu na pua yake, ukipandishe polepole kuelekea juu na nyuma ya kichwa. Pua inapopanda, makalio hushuka. Yakigusa sakafu tu, sema “ndiyo!” na umpe. Usiyasukume kwa mkono. Mbwa anayesukumwa hujifunza kusukuma. Baada ya majaribio machache fanya ishara ile ile mkono ukiwa mtupu, na chakula kitoke mkono wa pili, ili asijifunze kukutii pale tu anapoiona nyama. Akishaifuata ishara bila kusita, tanguliza neno: “kaa”, kisha ishara. Neno hutajwa mara moja. Ukisema “kaa, kaa, kaa, nimesema kaa”, amri yake itakuwa ni hiyo ndefu yote, naye atasubiri uimalize.

Somo liwe la dakika 3 hadi 5, mara kadhaa kwa siku, na liishe akiwa bado anataka kuendelea. Vipande viwe vidogo kama punje ya njegere. Tuzo na vitafunio vyote visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku, na unachokitoa kwenye mafunzo ukipunguze kwenye bakuli. Kamwe usitumie chokoleti, zabibu mbichi wala kavu, au chochote chenye kitamutamu kiitwacho ksilitoli. Hivyo vinaweza kumuua mbwa.

Ugumu uongeze upande mmoja kwa wakati mmoja. Kuna muda wa kukaa, kuna umbali wako, na kuna vishawishi vilivyomzunguka. Ukirefusha muda, msogelee. Ukienda kwenye uwanja wenye mbwa wengine, rudi kwenye sekunde mbili. Mbwa “aliyesahau” akifika nje kwa kawaida hajasahau chochote. Amekutana na mtihani ambao hakufundishwa. Akishindwa mara mbili mfululizo, rahisisha. Akifaulu mara nane katika kumi, panda ngazi.

Neno “njoo” lina sheria yake ambayo ningependa kila mwenye mbwa aishike: usimwite mbwa aje kwenye jambo baya. Usimwite umkaripie, usimwite umwogeshe kama anachukia maji. Mfuate mwenyewe. Akichelewa nusu saa kisha akaja, mpokee kwa furaha, kwa sababu kitendo cha mwisho alichokifanya ni kuja. Msimamizi wa watu ashike sheria hiyo hiyo: anayekuja kukiri kosa mapema ashukuriwe kwanza kwa kuja, kabla kosa halijajadiliwa. Jambo hili gumu hata mimi naliona, kwa maana hasira huwa iko karibu kuliko shukrani.

Hatua ya 5: Punguza chakula, usipunguze shukrani

Tendo jipya lilipwe kila mara. Tendo lililokomaa lilipwe mara moja moja, bila mpangilio unaotabirika. Utafiti wa Skinner na wenzake ulionyesha kwamba wanyama waliolipwa kwa vipindi visivyotabirika huendelea na tendo kwa muda mrefu hata malipo yakikoma, ilhali waliolipwa kila mara hukata tamaa upesi. Kosa la kawaida ni kuacha kutuza ghafla, mbwa “ameshajua”, kisha kushangaa tabia inapofifia. Mcheza kwao hutuzwa, na aliyecheza vizuri jana bado anacheza leo.

Tumia pia raha za maisha zenyewe. Mwaka 1959 mwanasaikolojia David Premack alieleza kwamba jambo apendalo kiumbe kulifanya linaweza kuwa tuzo ya jambo asilolipenda sana. Mbwa akae ndipo mlango ufunguke. Atembee hatua tano kamba ikiwa imelegea ndipo aruhusiwe kunusa mti. Kwa njia hii siku nzima inageuka kuwa somo, na mfuko wako wa vipande unaweza kubaki nyumbani.

Hatua ya 6: Weka mipaka, na uilinde

Kuna wanaosikia “tuzo” wakadhani ni kuruhusu kila kitu. Kumwacha mbwa amrukie bibi mzee kwa sababu hutaki kumuudhi mbwa ni kumwonea bibi, na mbwa pia, maana siku moja atafungiwa uani kwa kosa ambalo hakuna aliyemfundisha kuliacha. Mpaka unahitajika. Swali ni unalindwa vipi, na hapa kuna ngazi; anza chini, na usipande kama iliyo chini inatosha.

Ngazi ya chini kabisa ni kuliacha tendo bila malipo. Mbwa anabweka umtazame. Humtazami mpaka anyamaze, na akinyamaza unamgeukia papo hapo. Jiandae: kabla ya kupungua, kelele zitaongezeka. Ni kawaida kwa tendo lililozoea kulipwa kupamba moto kabla ya kuzimika. Ukisalimu amri wakati huo, umemfundisha kwamba kubweka kwa nguvu ndiko kunakolipa. Kama unajua hutaweza kuvumilia, usianze njia hii, tumia ya pili.

Ya pili ni kuondoa kizuri. Anavuta kamba, simama kama nguzo, usirudi kutembea mpaka kamba ilegee. Anang'ata mkono kwenye mchezo. Mchezo unakwisha, unasimama, unageuka au unatoka chumbani kwa nusu dakika, kisha unarudi na kumpa nafasi ya kufanya vizuri. Hakuna ukali wa sauti wala kinyongo. Nusu dakika inatosha; dakika kumi hazifundishi zaidi, kwa sababu mbwa hakumbuki tena aliletwa hapo na nini.

Ya tatu ni kukatisha na kuelekeza. Anaelekea kwenye kiatu. Toa sauti fupi ya kumshtua kidogo, “eh-eh”, na mara akikuangalia mpe mfupa wake wa kutafuna na umsifu anapouchukua. Ukimkataza bila kumwonyesha mbadala umemwachia pengo, naye atalijaza anavyojua yeye.

Kwa matatizo ya kila siku, ngazi inaishia hapo.

Juu yake watu wengi huweka kipigo, kumbinua mbwa chali na kumkandamiza, minyororo inayokaba, mikanda ya shingoni inayopiga shoti. Hoja yao kubwa ilitoka kwa mbwa-mwitu: lazima binadamu awe mkuu wa kundi, amtawale mbwa kwa nguvu. Chimbuko lake ni uchunguzi wa Rudolph Schenkel uliochapishwa mwaka 1947, juu ya mbwa-mwitu waliofugwa na kulazimishwa kuishi pamoja. David Mech, mtafiti aliyechangia kulieneza wazo hilo, alikuja kulisahihisha mwenyewe. Mwaka 1999 alieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia, wazazi na watoto wao, na “wakuu” wake ni baba na mama. Namheshimu sana mwanasayansi anayerudi kusahihisha alichokieneza.

Madhara nayo yanajulikana. Utafiti uliofanyika Ureno na kuchapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mbwa 92 kutoka shule 7 za mafunzo. Waliofunzwa kwa njia za kuumiza na kutisha walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa somo, na kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao kilipanda zaidi baada yake. Wales ilikwisha kupiga marufuku mikanda ya shoti mwaka 2010. Na nyuma zaidi, mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier walionyesha jambo linaloumiza kulisoma: mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzikwepa walikuja kuwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kidogo kungewaokoa, na wengi wao hawakujaribu. Walilala chini wakavumilia. Mbwa wa namna hiyo akionekana nyumbani kwa mtu husifiwa kwamba ametulia.

Mambo mawili zaidi kuhusu mipaka. La kwanza, usiadhibu kwa kuchelewa. Unarudi nyumbani, mto umechanika, mbwa ameinamisha kichwa na kukunja mkia, nawe unasema anajua alichokifanya. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alilipima hilo. “Sura ya hatia” ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, bila kujali kama mbwa alikuwa amekosa kweli. Anachokisoma ni uso wako. La pili, usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, tena ni wema wake. Ukilizima onyo hujaiondoa hofu iliyo chini yake, na siku nyingine atauma bila kutangaza. Mwondoe kwanza kwenye kinachomtisha, kisha ushughulikie hofu.

Hatua ya 7: Hamishia kwa watu, lakini usihamishe kila kitu

Yanayohama ni mengi: kutaja tendo, kupanga mazingira, kuwahi kutuza, kulinda mpaka bila hasira, kutobadilisha kanuni kila siku. Diana Baumrind, aliyechunguza malezi nchini Marekani tangu miaka ya 1960, aliwatofautisha wazazi wakali wasio na upole, wapole wasio na mipaka, na wale wenye mipaka thabiti pamoja na upendo na maelezo. Watoto wa kundi hili la tatu ndio waliojitegemea na kujidhibiti vizuri zaidi kati ya aliowachunguza.

Angalia neno hilo: maelezo. Mbwa hahitaji sababu, binadamu anaihitaji. Mtoto wa miaka minne anastahili kuambiwa kwa nini jiko halishikwi. Mfanyakazi wa miaka arobaini anastahili kuambiwa kwa nini utaratibu umebadilika. Na binadamu ana haki ya kujibu. Huenda mpaka uliouweka haufai, naye ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Tuzo yenyewe pia hubadilika ikifika kwa watu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Siku zilizofuata, walioahidiwa walichora kwa muda mfupi zaidi wakiwa huru, kuliko ambao hawakuahidiwa lolote. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupoteza hamu. Kwa hiyo usimlipe mtoto kwa jambo ambalo tayari analifanya kwa mapenzi. Mshukuru, mtazame akilifanya, mpe nafasi zaidi ya kulifanya. Malipo yahifadhi kwa kazi zisizo na ladha yake yenyewe.

Sifa nayo ina namna. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio ambamo watoto walisifiwa baada ya kufaulu, wengine kwa akili zao, wengine kwa juhudi zao. Waliosifiwa akili walielekea kuchagua kazi rahisi baadaye, na walipokutana na ngumu walivunjika moyo zaidi. Basi badala ya “una akili wewe”, sema ulichokiona: “Nimeona umerudia hesabu ya tatu mpaka ikatoka.” Hiyo ni tuzo, na papo hapo ni maelekezo ya kesho.

Ukifika wakati wa kurekebisha, fanya faraghani, karibu na tukio, na juu ya tendo. Kwa mtoto: “Mwanangu, tulikubaliana mpira hauchezewi ndani. Nauweka juu mpaka jioni. Jioni ukitaka nitautoa tuucheze nje.” Mpaka umetajwa, tokeo ni dogo na linahusiana na kosa, na mlango wa kurudi uko wazi. Kwa mtu mzima uliye msimamizi wake: “Ndugu, taarifa imechelewa wiki mbili mfululizo, na wenzako wanaisubiri ndipo waanze. Kuna nini?” Kisha nyamaza. Usimalizie sentensi yake. Mara nyingi jibu litakuonyesha kwamba ulitakiwa kurudi hatua ya 3, na hapo aliyekosea anaweza kuwa ni wewe uliyepanga kazi. Kama sivyo, mkubaliane kitakachofanyika na lini, na tokeo la kuvunja makubaliano hayo lijulikane kabla. Tokeo linalomshukia mtu bila kutajwa mapema humfundisha kukukwepa tu.

Sifa ya dakika moja kabla ya lawama, ili lawama imezeke, naishauri uiache. Watu huigundua upesi, na tangu hapo kila ukisifu wanakaza mabega wakisubiri kinachokuja. Sifa isimame peke yake, siku yake.

Hatua ya 8: Soma mwili, uandike

Mbwa anayelamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza uso au kuonyesha weupe wa jicho anakuambia amezidiwa. Punguza ugumu, sogea mbali na kinachomsumbua, au maliza somo. Andika kila jioni mistari miwili: tendo gani, mara ngapi alifaulu kati ya kumi, nini kilikuwa kimemzunguka. Baada ya wiki mbili utaona ruwaza ambazo kumbukumbu huzipoteza. Kama tabia haijasogea kabisa, kagua kwa mpangilio huu: Je, tuzo anaitaka kweli? Inafika kwa wakati? Kuna mtu mwingine nyumbani anayelilipa kosa? Kazi ni ngumu kupita uwezo wake?

Kwa mtoto au timu, orodha hiyo hiyo inafaa, ila nyongeza moja: hesabu pia maneno yako mwenyewe. Chukua siku moja, uweke alama kila unaposema neno la kutambua jambo jema na kila unaporekebisha. Wengi hujikuta upande wa marekebisho umejaa, kwa sababu tu jambo lililokwenda sawa halipigi kelele.

Hatua ya 9: Jua mahali pa kuomba msaada

Mbwa aliyebadilika ghafla, aliyeanza kunguruma akiguswa, kujisaidia ndani au kukataa kupanda ngazi, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya somo lolote. Maumivu ya jino, sikio au nyonga yamewahi kuitwa ukaidi mara nyingi mno. Mbwa aliyekwisha uma mtu anahitaji mtaalamu wa tabia anayefanya kazi pamoja na daktari. Mpaka hapo, kamba isimtoke, na watoto wasiachwe naye bila mtu mzima. Unapomchagua mfunzaji, muulize maswali mawili: mbwa akipatia unafanya nini, na akikosea unafanya nini? Kama hataki kueleza waziwazi, au hakuruhusu kutazama somo lake, tafuta mwingine.

Mtoto naye aliyebadilika ghafla, aliyeacha kula, kulala au kucheza kama zamani, au mfanyakazi hodari aliyeanza kuchelewa kila siku, asianzishiwe mpango wa tuzo na mipaka. Kaa naye chini umsikilize, na kama yaliyomfika yanazidi uwezo wako, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha, na umsindikize.